Tabaka kwa Tabaka

Katharine Blodgett alishika kipande cha kioo, akakizamisha polepole majini, akakiinua. Kisha akarudia, tena na tena. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake miaka ya 1930 katika maabara ya General Electric mjini Schenectady, Marekani.

Juu ya maji yale ulitanda utando wa asidi ya steariki, mafuta yanayotumika pia kutengenezea mishumaa. Kila molekuli ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Zikiwa na nafasi hutawanyika ovyo. Zikisogezwa taratibu husimama wima, bega kwa bega, kama waumini katika safu za sala. Utando huo una unene wa molekuli moja tu, kama nanomita 2.5. Kioo kikishuka huvaa tabaka moja, kikipanda huvaa nyingine.

Safu hujipanga zenyewe, lakini kwa mwenye mkono mtulivu. Ukiharakisha, utando hukatika. Maji yakiingia uchafu kidogo, mpangilio huvurugika. Blodgett aliuzungushia utando uzi wa hariri uliopakwa nta, na upande wa pili akadondosha mafuta ya nyonyo yausukume kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Unene aliusoma kwa macho, maana kila idadi ya tabaka ilitoa rangi yake. Mwaka 1938 tabaka 44 zilitosha kuufuta mng'ao wa kioo: mwanga uliorudi kutoka juu ya utando na ule uliorudi kutoka chini yake viliuana.

Ufundi huu ulianzia jikoni. Agnes Pockels wa Braunschweig, Ujerumani, aliwauguza wazazi wake enzi ambazo vyuo vikuu vya huko viliwafungia wanawake milango. Alichunguza maji yenye mafuta kwa karai la bati lenye kizuizi cha kusogeza, na mwaka 1891 barua yake kwa mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh ikachapishwa katika jarida la Nature. Alifariki mwaka 1935, mwaka uleule Blodgett alipochapisha mbinu yake ya kurundika tabaka.

Tabaka za Blodgett zilikuwa laini mno, kitambaa kiliweza kuziondoa. Viwanda vikageukia madini yanayovukizwa ndani ya chombo kisicho na hewa. Leo miwani hununuliwa ikiwa imeshavishwa tabaka zake, na mwenyewe huisugua kwa pindo la shati bila kujua anagusa nini. Maabarani, karai la kazi hiyo kwa kawaida huitwa kwa majina ya Blodgett na Langmuir, mwenzake wa maabara. La Pockels, aliyelitangulia, limeachwa jikoni.