Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Masharti ya Shahada ya Taaluma za Kanda

Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wachukuzi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Makumi ya maelfu ya wachukuzi hao walikufa, wengi kwa maradhi, wakibeba mizigo isiyokuwa yao. Yafaa tuwakumbuke tunapoyahakiki masharti ya shahada ya uzamili katika taaluma za kanda, yaani masomo yanayoshika sehemu moja ya dunia na kuchunguza kwa pamoja lugha, historia na maisha ya watu wake.

Katika vyuo vya Ulaya na Marekani masharti hayo mara nyingi huwa matatu. Kwanza, mwanafunzi asome fani mbalimbali, kama historia, siasa na fasihi. Pili, ajifunze lugha ya watu anaowachunguza. Na kwa Afrika ya Mashariki lugha hiyo aghalabu ni Kiswahili. Tatu, aandike tasnifu.

Sharti la pili lastahili sifa. Atakaye kujua jinsi bei ya vitunguu inavyopatanwa sokoni Kariakoo hatatosheka na maneno ya mkalimani. Lakini tuulize, sharti hili lilikuzwa kwa haja ya nani? Chuo cha taaluma za nchi za Mashariki kilianzishwa London mwaka 1916, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuwaandaa watumishi wa makoloni. Marekani nayo, baada ya Warusi kurusha chombo angani mwaka 1957, ilipitisha mwaka 1958 sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa. Fedha zake zikasaidia kufundisha lugha za kigeni, Kiswahili kikiwamo. Basi lugha ilitakiwa ili mgeni asikie na achukue. Kujibu hakukusharutishwa.

Matokeo yake hayafichiki. Mwaka 2012 James Brennan alitoa kitabu chenye manufaa makubwa juu ya utaifa na rangi mjini Dar es Salaam. Jina lake ni la Kiswahili, Taifa. Kurasa zake ni za Kiingereza. Hatumlaumu mwandishi, kwani alitimiza yaliyotakiwa na taaluma yake. Kasoro imo katika masharti. Mzee wa Gerezani husimulia ujana wake kwa Kiswahili, na masimulizi yake yakabebwa kama mizigo ya wachukuzi wale, yakatumike pengine.

Wako wasemao kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba hoja za tasnifu. Hao wamekwisha kujibiwa. Chuo chetu kilianza mwezi wa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Leo Taasisi yake ya Taaluma za Kiswahili, iliyoundwa mwaka 2009, hupokea tasnifu za uzamili zilizoandikwa kwa Kiswahili. Tena Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini mwaka 1927, ina maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu, kando ya yale ya Kiingereza. Ikiwa mkoloni aliona yafaa kuwakumbuka askari na wachukuzi kwa Kiswahili, chuo cha leo kina udhuru gani?

Hatusemi tasnifu zote ziache Kiingereza, maana elimu yapaswa kusomwa na mataifa. Twadai sharti la nne: muhtasari wa Kiswahili, usomwe mbele ya wale waliohojiwa kabla shahada haijatolewa, na nakala yake iwekwe katika Maktaba Kuu ya Taifa. Elimu yenyewe itafaidika, kwa kuwa mwuza vitunguu akisikia mambo ya soko lake yamepotoshwa, hatanyamaza. Na sharti hili litufunge sisi pia, kwani wengi wetu huihoji Kariakoo kwa Kiswahili, tukaiandika kwa Kiingereza, tusirudi tena.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekwisha kuja, naye amepata shahada. Mwenyeji bado angoja.