Jalada la Upana wa Vidole Viwili

Katika mchezo wowote wa kompyuta, picha inayoonwa na watu wengi kuliko zote ni ile ambayo hakuna anayeicheza. Ni picha ya jalada, ile inayosimama dukani badala ya mchezo wenyewe. Kwenye duka la Steam mtengenezaji hutakiwa kuiandaa kwa maumbo kadhaa, mengine ya kulala na mengine ya kusimama. Ile ya maktaba ya mchezaji ni ya wima, pikseli 600 kwa 900. Ile ndogo kabisa, inayotokea mtu anapotafuta jina au kupitia orodha, huweza kupunguzwa hadi pikseli 120 kwa 45. Kwenye skrini ya kawaida hiyo ni kama upana wa vidole viwili. Wengi huihesabu kazi hii kuwa pambo la mwishoni, au shughuli ya wauzaji inayoanza baada ya wasanii kumaliza yao. Wanaidunisha. Jalada zuri ni tafsiri ya kwanza ya mchezo: mchoraji amekaa na kazi iliyochukua miaka, akajiuliza ndani yake kuna nini hasa, akajibu kwa picha moja. Kabla haijawa kazi ya mkono, ni kazi ya kufikiri.

Tazama yanayotokea mchoro mkubwa unapopunguzwa kufikia kipimo hicho. Nywele zilizochorwa unywele kwa unywele zinageuka doa. Upanga unabaki mstari, na kama nyuma yake kuna anga jeupe, hata mstari huo unamezwa. Wahusika watano waliopangwa bega kwa bega wanakuwa bonge moja lisilojulikana kama ni watu au kichaka. Kinachosalia ni umbo la nje, tofauti ya mwanga na giza, rangi moja au mbili, na jina la mchezo, ikiwa herufi zake ni nene. Ndiyo maana Valve, kampuni yenye duka hilo, huwashauri watengenezaji waache jina lijaze karibu picha yote ndogo. Mchoraji anayejua kazi yake huanza na hayo yatakayosalia, kisha ndipo hupamba. Hollow Knight, mchezo wa kikundi kidogo cha Team Cherry cha Adelaide, Australia, uliotoka 2017, unaonyesha vizuri jambo hili. Mhusika wake ni mdudu mwenye kinyago cheupe, pembe mbili, na matundu mawili meusi mahali pa macho. Hana mdomo wala pua. Ukiuweka uso huo kwenye giza la buluu unasomeka kwa ukubwa wowote, na aliyeuona mara moja anaweza kuuchora mchangani kwa kidole. Lakini ubora wake hauishii katika kusomeka. Matundu yale yanausimulia mchezo: ufalme uliokufa chini ya ardhi, shujaa asiyetamka neno, na utupu ambao hadithi yote inauzunguka. Umbo lilelile linaonekana kwa mbali na linabeba maana, nawe huwezi kukitenga kimoja na kingine.

Watapinga wanaoshikilia kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mchezo ukiwa mzuri, watasema, habari zake zitaenea mdomo kwa mdomo hata jalada likiwa bovu. Methali hiyo ina ukweli wake sokoni, ambapo mnunuzi hulitomasa embe kabla ya kutoa fedha. Mchezo uliomo kwenye orodha hautomaswi. Tangu 2017 karibu kila mtu anaweza kuuweka mchezo wake Steam kwa kulipa dola 100, na siku hizi michezo mipya inayoingia huko kwa mwaka huzidi elfu kumi. Hata yule wa kwanza atakayeeneza habari ni lazima kwanza avutwe na picha, aibonyeze, aingie. Katika hoja hii hutajwa sana Among Us, uliotoka 2018 ukakaa bila kelele hadi 2020, ndipo watu wanaorusha uchezaji wao moja kwa moja mtandaoni wakaufanya maarufu. Ni kweli, umaarufu ule haukuletwa na jalada. Lakini kumbuka kilichosafiri na habari hizo: kimtu kifupi cha rangi moja, kina kioo usoni na hakina mikono, kikachapishwa kwenye fulana na kushonwa kuwa mwanasesere. Umbo linalofaa kwa jalada ndilo hilohilo linalokaa kichwani mwa mtu anapomsimulia mwenzake. Jalada haliponyi mchezo mbovu, na hakuna sababu ya kudai hivyo; ila mchezo mzuri usioonekana hauna tofauti na ambao haukutengenezwa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la uaminifu. Je, kuchora jalada si kuupaka rangi uongo? Atari ilipotoa mashine yake ya VCS mwaka 1977, kifaru katika mchezo wa Combat kilikuwa vipande vichache vya mraba vilivyogandana, ilhali kwenye kasha mchoraji Cliff Spohn alikuwa amechora vita kwa brashi, kama bango la sinema. Miongo minne baadaye, mwaka 2021, Vampire Survivors wa Luca Galante ulianza kuuzwa kwa kama dola 3, ukiwa na vijitu vya pikseli ambavyo havifanani hata kidogo na wawindaji wa mazimwi waliochorwa kishujaa jaladani. Hata hivyo majalada hayo mawili hayakudanganya. Mchezaji wa Combat alikuwa kweli anamwinda mwenzake kwa kifaru. Mchezaji wa Vampire Survivors kweli husimama katikati ya mamia ya madubwana akiyafyeka, na furaha ya mchezo huo ni kupindukia kiasi. Jalada halidaiwi kufanana na kilichoko kwenye skrini. Linadaiwa kuwa kweli kuhusu tendo na hisia. Uongo huanza pale linapoahidi tendo ambalo mchezo hauna, kama vile shujaa mwenye upanga kwa mchezo wa kupanga bustani. Na uongo wa namna hiyo haudumu, kwa sababu Steam humruhusu mnunuzi kudai fedha zake ndani ya siku 14 akiwa hajacheza kwa saa mbili.

Kuhusu tendo, hakuna somo linalozidi lile la Ico, mchezo wa Sony wa 2001. Si mchezo wa kikundi kidogo, ila ulipata majalada mawili, na hilo linaturuhusu kulinganisha. Amerika Kaskazini uliuzwa ukiwa na uso mkubwa wa mvulana mwenye pembe. Japani na Ulaya zikapata mchoro wa Fumito Ueda mwenyewe, mwongozaji wa mchezo, aliyeathiriwa na picha za Mwitaliano Giorgio de Chirico: matao makubwa, mwanga wa manjano, vivuli virefu, na watu wawili wadogo sana wakikimbia. Moyo wa mchezo huo ni kumshika binti mkono; kuna kitufe maalumu cha kumwita na kumshika, na ukimwachia, vivuli vinamchukua. Jalada la kwanza linamwonyesha mhusika, la pili linauonyesha mchezo. Lakini lipunguze hilo la pili hadi pikseli 120, na wale wawili wanatoweka. Lilichorwa kwa kasha linaloshikwa mkononi. Mchoraji wa leo anadaiwa kina kilekile bila nafasi ile, na ugumu huo ndio unaoifanya kazi yake istahili heshima. Balatro, mchezo wa karata wa 2024, ulipata njia yake bila shujaa wala mandhari: wekundu na buluu vinavyozungukana, vilevile unavyoviona kwenye skrini ya mwanzo unapoufungua mchezo.

Tangu Septemba 2022 Valve imekataza kuandika kwenye picha za majalada ya Steam alama za wahakiki, tuzo au tangazo la punguzo. Yanayoruhusiwa ni mchoro, jina na jina dogo la mchezo. Wako waliolalamika. Binafsi naona kanuni hiyo imewafaa wachoraji, kwa kuwa imewaondolea vibandiko vilivyokuwa vikila nafasi yao na kuirudishia picha jukumu la kusema.

Usawa wa vipimo vya picha kwa watengenezaji wote pia si jambo dogo. Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilipouweka mchezo wake Aurion Steam mwaka 2016, ilipewa kijidirisha sawa na cha kampuni zenye maelfu ya wafanyakazi. Anayetengeneza mchezo Nairobi au Dar es Salaam bila fungu la matangazo atapewa hichohicho. Kwa hiyo msimwite mchoraji wiki ya mwisho, mkamtupia picha tatu za skrini na kumwambia achore kitu kizuri. Mpeni mchezo aucheze ungali mbichi, mwacheni aulize maswali yanayokera, mwonyesheni mtu asiyeujua mchezo picha ikiwa ndogo kabisa na msikilize anachosema kimo ndani. Kisha mlipeni kama msanii, na jina lake liandikwe pamoja na ya wengine walioutengeneza.