Mkono wa Birika

Kwetu ukimwita mtu mkono wa birika umemtukana. Umesema ni bahili, hatoi, na akitoa anahesabu. Mimi hapa nataka kuusifu mkono huo, maana upo ufundi mmoja ambao msingi wake ni ubahili: ufundi wa kuuweka mwani mahali pake ndani ya tangi la samaki.

Tangi langu liko sebuleni, Itungi, kando ya Ziwa Nyasa, si mbali na bandari. Lina mawe, mchanga na samaki wanane wa miambani, wale ambao upande wa Malawi huitwa mbuna. Kichekesho ni kwamba sikuwapata humu ziwani. Niliwanunua Dar es Salaam, wazao wa samaki waliofugwa, nikapanda nao basi wakiwa ndani ya ndoo yenye mfuniko. Walirudi kwa mababu zao kupitia mlima wa Kitonga.

Hata hivyo, hapa Itungi penyewe samaki hawa huwaoni. Huku ni tope na mchanga unaoshushwa na mito, mchanga uleule uliokwisha kuisumbua bandari. Ukitaka kuwaona, nenda Matema, kisha uvuke kuelekea Ikombe, ambako Milima ya Livingstone inatumbukia ziwani. Huko maji ni maangavu. Ukiinama kwenye mtumbwi unaona mawe yamevaa utando wa kijani, mfupi kama nywele za mtu aliyetoka kinyozi jana. Anakuja samaki ambaye pua imeutangulia mdomo. Mdomo wenyewe uko chini, mpana. Anajibandika kwenye jiwe, anakwangua, anahamia jiwe jingine. Wataalamu humwita Labeotropheus fuelleborni, jina alilopewa mwaka 1926 kumkumbuka Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani aliyekusanya viumbe wa ziwa hili mwishoni mwa karne ya 19.

Kwa nini mwani wa Ikombe haurefuki? Kwanza, midomo haipumziki. Pili, ziwa lenyewe ni bahili. Kina chake kinafika mita 700 hivi, na uchafu wote huzama huko. Chini ya mita 250 hivi hakuna hewa, na rutuba iliyolala huko hupanda kidogo kidogo tu, upepo unapoyakoroga maji. Tangi halina kina cha namna hiyo. Kinachooza ndani yake kinabaki humohumo, mpaka pawe na mtu wa kukitoa.

Sikulijua hilo mwaka wa kwanza. Nilikuwa karimu. Asubuhi chakula, mchana chakula, na jioni wageni wakija kila mtoto anapewa chembe zake awarushie. Samaki walinisogelea kwenye kioo kama abiria wanaogombea meli, nami nikaona fahari. Kisicholiwa kilizama kati ya mawe kikaoza. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba changu kilijaa kijani. Ilianza poda ya kahawia, unaifuta kwa kidole inatoka. Yakafuata madoa ya kijani yaliyong'ang'ania kioo. Zikaja nyuzi ndefu, zikayafunika mawe. Mwisho ukaja utando wa kijani cha buluu, wenye harufu ya tope, ambao leo unaubandua kama ngozi na kesho umerudi.

Nikatafuta njia ya mkato. Muuzaji mmoja akaniuzia dawa ya kuua mwani, na iliua kweli: kwa siku mbili nyuzi zote zikapauka. Lakini mwani ukifa kwa pamoja huoza kwa pamoja, na kuoza kunakula hewa iliyomo majini. Alfajiri ya siku ya tatu niliwakuta samaki wamepanga midomo juu ya maji wakihema. Wawili walikufa. Kabla mwezi haujaisha, kijani kilikuwa kimerudi, maana mlo wake ulikuwa palepale, tena sasa umeongezewa mizoga yake mwenyewe.

Hapo ndipo nilipojifunza kunyima. Mwani unaishi kwa mwanga na mbolea, hasa nitrati na fosfati. Nikalihamisha tangi kutoka dirishani. Sasa taa inawaka saa nane kwa siku, basi. Chakula ni mara moja, kiasi cha kumalizwa ndani ya dakika mbili, na Ijumaa hakuna. Hawadhuriki: utumbo wao mrefu umeumbwa kwa ajili ya mwani, na wakishindiliwa vyakula vya nyama huvimba matumbo na kufa. Jumamosi napitisha mpira kati ya mawe, nanyonya uchafu, natoa robo ya maji. Sponji ya kichujio naikamulia kwenye ndoo ya maji hayohayo ya tangi, kwa sababu ndani yake wanaishi bakteria wanaozigeuza taka za samaki zisiwe sumu. Maji ya bomba yenye klorini yangewaua. Kioo cha mbele nakikwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Kioo cha nyuma sikigusi. Hicho ni shamba la samaki.

Wanaofuga matumbawe nyumbani, katika maji ya chumvi, hawana budi kuwa mabahili kunishinda, kwani mwani ukiachiwa huyafunika matumbawe yakafa. Wao hutegemea konokono na samaki aitwaye kangaja kuuchunga. Wengine hufanya jambo la kushangaza: pembeni huweka chombo chenye taa na kupanda mwani makusudi, ili ule mbolea kabla haijafika kwenye matumbawe, kisha wanauvuna na kuutoa. Walter Adey wa Taasisi ya Smithsonian, Marekani, alilitunza tangi la matumbawe la makumbusho yao kwa njia ya namna hiyo. Na mbona kule Paje, Unguja, mwani ni zao la shambani tangu 1989? Mmea huu si adui. Kasoro iko kwa mwenye shamba asiyevuna.

Ziwa Victoria limelipia somo hili. Lilikuwa na samaki waitwao furu, wa mamia ya aina, wengi wao wakila mwani na masalia yake. Sangara, mla samaki wenzake, akapandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 furu wengi walikuwa wametoweka. Wakati huohuo udongo, mbolea na maji taka kutoka nchi kavu vilizidi. Wachungaji walipungua na malisho yakaongezeka, na maji yakageuka kijani.

Mgeni akiingia kwangu husifu samaki: huyu wa buluu, yule mwenye madoa. Hakuna aliyewahi kukisifu kioo, na sidai. Kioo kikiwa safi hakionekani, wala mkono uliokisafisha. Watoto wa wageni wakiomba chakula cha kurusha, nawapa chembe tatu, nao huniona mchoyo.

Lakini hata mkono wa birika unamwaga mahali. Ndoo ya Jumamosi, ya njano na yenye harufu, naimwaga nyuma ya nyumba kwenye miche ya kakao. Miche ninayoimwagia imewapita wenzake kwa kimo.