Ukwapi Moja, Utao Kumi na Moja

Telezesha kidole kutoka ukingo wa juu wa kioo cha simu, mstari unashuka. Ni mstari mmoja mlalo wenye kijijua. Ukikivuta kulia mwanga unaongezeka, kushoto unapungua. Hauna namba, hauna alama ya nusu wala robo, hauna hata neno. Aliyezoea kusoma mashairi hawezi kuupita hivi hivi. Mshororo nao hauandikiwi hesabu kichwani, lakini mtunzi amehesabu, na mwenye sikio atajua mizani ilipopungua. Basi huu nao una mizani? Kaihesabu nani, na alikuwa akimtungia msomaji gani?

Nausomea mstari huu Kivukoni, pale barabara ya Ifakara kwenda Lupiro na Mahenge inapokutana na Mto Kilombero. Kazi ya kivuko ilichukuliwa na Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018; jina la mahali likabaki. Nimepachagua kwa sababu ya jua. Ifakara iko nyuzi 8 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwishoni mwa Februari, na tena katikati ya Oktoba, jua la mchana hupita utosini hasa na kivuli cha mtu kikabaki miguuni pake. Oktoba ndiyo mbaya: mvua bado, vumbi tele, wingu la kusitiri halipo. Kazi za simu hazingoji jua lipoe. Mpunga unauzwa, samaki wanauzwa, bodaboda wanalipwa, na malipo yanathibitishwa kwa meseji ambayo mtu lazima aisome palepale kabla mteja hajapiga kiki akaondoka.

Tuanze na hesabu iliyofichwa. Android, mfumo ulio ndani ya Tecno, Infinix, itel na Samsung, msimbo wake wa msingi uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Zamani mstari ulikuwa mnyoofu kwa maana zote mbili: kila hatua ya kidole iliongeza kiasi kilekile cha mwanga, katika ngazi zinazofika 255. Jicho halihesabu hivyo. Jicho huona uwiano. Kutoka niti 5 hadi niti 10 (niti moja ni mwanga wa kandela moja katika mita moja ya mraba) ni hatua kubwa. Kutoka niti 400 hadi 405 ni kama hapakutokea kitu. Matokeo yake, mabadiliko yote yanayoonekana yalisongamana kwenye ncha ya kushoto, na sehemu kubwa ya mstari iliyobaki ikawa domo tupu. Toleo la 9, la mwaka 2018, liliutunga upya kwa mkunjo uliobuniwa na BBC na NHK ya Japani kwa ajili ya picha za televisheni. Ndiyo, BBC hiyohiyo ya Dira ya Dunia.

Ukikokotoa kwa mkunjo huo unapata hivi. Kidole kikiwa robo ya mstari, kioo kinatoa takriban sehemu 1 kati ya 48 ya mwanga wake. Kikiwa nusu, sehemu 1 kati ya 12. Kikiwa robo tatu, robo ya mwanga na kidogo juu yake. Kikifika mwisho, wote. Yaani mshororo huu una vipande viwili vinavyolingana kwa urefu, ukwapi na utao, lakini ukwapi umebeba mizani moja na utao umebeba kumi na moja. Kaluta Amri Abedi, aliyeziweka sheria za utunzi kitabuni mwaka 1954, angeurudisha kwa mwenyewe.

Mimi naupokea, walau kwanza. Mizani ya ushairi wetu huhesabiwa kwa silabi kwa kuwa sikio husikia silabi. Mizani ya mwanga ihesabiwe kwa kile jicho linachoona, na jicho huona nusu ya mstari ule kuwa nusu kweli. Mtunzi ameacha ulinganifu wa karatasi akapata ulinganifu wa msomaji. Hiyo ni kazi ya fundi. Malalamiko yangu yako kwingine, nitayafikia.

Anayetaka kuhakikisha asiniamini mimi wala msimbo, apime. Simu nyingi za Samsung hufungua menyu ya majaribio ukibonyeza *#0*#, na humo kihisi cha mwanga kinataja laksi (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) zinazokifikia. Kwenye simu nyingine kuna programu ndogo zinazosoma kihisi hichohicho. Wengi huiona namba hiyo wakadhani ni ya kioo chao. Siyo. Ni ya mwanga unaoingia kwenye simu, si unaotoka. Kupima kioo chenyewe kunahitaji simu mbili na chumba chenye giza. Ya kwanza ionyeshe picha nyeupe tupu, kioo kizima. Ya pili ilazwe kifudifudi juu yake, kihisi chake, ambacho mara nyingi kiko jirani na spika ya sikioni, kikiegemea weupe ule. Laksi zinazosomeka, ukizigawanya kwa 3.14, zinakaribia niti. Zinakaribia tu, maana kihisi kimefichwa nyuma ya kioo cheusi na miale ya pembeni hakiipati vizuri. Lakini kwa uwiano kinatosha kabisa. Weka kidole robo, nusu, robo tatu, mwisho, kisha utazame kama namba zinaelekea kufuatana kama 1, 4, 13 na 48. Zikikataa, mtengenezaji wa simu hiyo ametunga mkunjo wake, naye ana ruhusa.

Robo ile ya mwisho ndiyo ya kutazamwa kwa jicho la mwenye chaji. Kwenye kioo cha LCD, ambacho ndicho simu nyingi za bei ya chini huwa nacho, taa iko nyuma ya picha nzima na inakula umeme kwa kadiri inavyowaka. (Picha nyeusi ya ukutani haipunguzi kitu hapo, ingawa wapo wanaoapa kwamba inapunguza, hiyo ni sifa ya vioo vya OLED.) Kidole kinaposogea kutoka robo tatu hadi mwisho, jicho linaona nyongeza ya kiasi, kumbe taa imeongezwa karibu mara nne. Aliyeacha simu yake kibandani ikachajiwe kwa kulipia analipia utao ambao macho yake hayaoni uzito wake. Fani imemtendea haki msomaji, ikamnyima mlipaji hesabu.

Sasa kile kijijua. Sitiari gani hii? Mstari unadai kwamba mwisho wake wa kulia ni jua, au unaelekea jua. Tuichukue kwa uzito. Mchana mweupe wa Oktoba, mwanga unaoanguka juu ya meza ya wakala wa pesa za simu iliyo nje ni laksi 100,000 hivi. Karatasi nyeupe iliyolazwa hapo, ikirudisha asilimia 80 ya mwanga huo, inang'aa kwa niti 25,000 na ushee. Simu ya kawaida ya bei nafuu, mstari wake ukivutwa hadi mwisho, inatoa niti 450 au jirani na hapo. Karatasi inachuma kutoka kwa jua. Kioo kinashindana nalo, na kinashindana kwa chini ya sehemu moja ya hamsini. Kijijua cha kwenye mstari ni kejeli ambayo mtunzi hakuikusudia, maana alikuwa ndani ya nyumba.

Tena jua halikai nje likitazama. Linaingia kwenye kioo na kurudi. Tuseme asilimia 2 tu ya mwanga inarudi ikiwa imetawanyika, kwa uso wenye alama za vidole, vumbi la barabara ya Mahenge na protekta yenye mikwaruzo. Kwa laksi 100,000 hizo ni niti 640 hivi za ukungu zilizotandazwa juu ya herufi. Mahali peupe pa kioo pana 450 jumlisha 640; mahali peusi pana 640. Weupe unauzidi weusi mara 1.7 tu, na hapo mstari umeishia. Ukiwa nusu, ni mara 1.06: kioo hakisomeki.

Ondoka na simu hiyo uingie chini ya mwembe, penye laksi 10,000. Ukungu unakuwa niti 64. Kwa mwanga wote wa simu, weupe unauzidi weusi mara 8. Kwa nusu ya mstari, yaani kwa sehemu ile 1 kati ya 12 ya taa, ni mara 1.6. Hebu iangalie hiyo namba ya mwisho: nusu ya mstari kivulini inasomeka karibu sawa na mstari mzima juani. Hatua chache za miguu zimefanya kazi ya mizani kumi na moja, bila kugusa chaji. Chini ya bati la kibanda, ambako laksi zinaweza kushuka hadi elfu moja au mbili, hali ni nzuri zaidi.

Hapa ndipo malalamiko yangu. Kusomeka kwa kioo ni majibizano ya mianga miwili, wa simu na wa mahali, lakini fani ya mstari imempa sauti mmoja. Umbo lililofaa lilikuwa ngonjera, lile la Mathias Mnyampala, ambaye Ngonjera zake za UKUTA zilichapwa mwaka 1970: huyu anasema, yule anajibu, na hukumu inatoka kati yao. Mstari wa mwanga umemnyamazisha mjibuji. Haumwambii mwenye simu laksi ngapi zimemwangukia, ingawa kihisi kinajua, na ingawa namba hiyo ndiyo ingemwambia kama kuvuta kidole kuna faida au ni kuchoma chaji bure.

Watu wa Kivukoni wamemrudishia mjibuji nafasi yake kwa mikono yao. Muuza samaki anapigwa na jua, kijana wa bodaboda yuko juu ya pikipiki.

"Mama, imeingia?"

"Subiri mwanangu, sioni kitu hapa."

Anaupa jua mgongo, anainamisha kichwa juu ya kioo, mkono wa kushoto unakunjwa kuwa paa juu ya herufi, jicho moja linasoma kiasi kisha jina. "Haya imeingia, nenda salama." Mstari haukuguswa. Mama amepunguza ukungu badala ya kuongeza taa, na hesabu iko upande wake.

Atakayesema kwamba kuna mwanga wa kujirekebisha wenyewe amesema kweli nusu. Hiyo ndiyo ngonjera, kihisi kikisoma mahali na taa ikijibu, ila imefichwa ndani ya swichi. Na ina tabia inayochekesha mbele ya mkono wa mama. Kihisi kiko juu ya kioo, palepale paa la mkono linapoegemea; mkono ukikifunika, simu inaamini kwamba giza limeingia, nayo inafifisha taa wakati ambapo msomaji anaihitaji zaidi. Kinachookoa ni vituo. Katika msimbo wa msingi, Android husubiri sekunde 4 kabla ya kuongeza mwanga na sekunde 8 kabla ya kuupunguza, isije ikapepesa kila kivuli kikipita. Sekunde 8 zinatosha kusoma meseji ya muamala. Hazitoshi kusoma ujumbe mrefu wa kikundi cha kuweka na kukopa.

Swichi hiyo ina siri nyingine. Simu nyingi mpya zinazotangazwa kwa niti 1,000 na kuendelea hazifiki huko kwa kuvuta kidole. Zinafika swichi ikiwa imewashwa na jua kali likikipiga kihisi, tena mara nyingi kwa muda mfupi au kwa kipande tu cha kioo. Mwisho wa kulia wa mstari, basi, si mwisho wa kioo. Dukani Ifakara mjini, chini ya taa za ndani, hakuna cha kuonyesha tofauti hiyo; simu zote pale zinang'aa. Ningekuwa mnunuzi ningeomba nitoke nayo nje, swichi ikiwashwa kisha ikizimwa.

Na mwisho wa kushoto? Huo unasomeka vizuri zaidi usiku, juu ya dungu, katika msimu wa kulinda mpunga. Mwezi mpevu unatoa sehemu moja ya tano ya laksi hivi. Macho yaliyokwisha kuzoea giza hilo yakikutana na kioo, hata kijijua kikiwa kimebanwa kabisa kushoto, yanapofuka kwa muda na shamba linatoweka, na nguruwe hawangoji. Mstari unadai umefika sifuri ilhali taa inawaka. Mwaka 2021 Android 12 ikaleta kitufe cha kushusha mwanga kupita ncha ile, na hapo mtunzi alikubali kwa vitendo kwamba mshororo wake ulikuwa umeanzia katikati. Lakini wakati huo hakuurudia. Kitufe alikiweka kando, miongoni mwa mipangilio ya kuwasaidia wenye shida ya macho, kama tanbihi chini ya ukurasa, na mlinzi wa mpunga asiyekwenda kukitafuta huko akabaki na mstari uleule.