Kumjua Fundi wa Amplifaya Karatu

Karatu hakukosi mafundi wa redio za gari. Land Cruiser za watalii, Noah na Hiace za Arusha zote hupita hapa kabla ya geti la Lodoare la kuingilia Ngorongoro au zikitoka huko, na nyingi zimeongezewa kitu: sabufa, friji ya maji, inveta ya kuchajia kamera. Amplifaya ikianza kuchemka na kujizima, utapewa jibu kabla hujamaliza kueleza: "Bosi, tuweke feni." Usikubali haraka. Feni huenda ikahitajika kweli, lakini fundi anayeanza nayo hajatafuta chochote.

Fundi mzuri huanza kwa kuuliza. Inazima baada ya muda gani? Ni sauti ikiwa juu tu, au hata ukisikiliza taarifa ya habari? Nini kimebadilishwa karibuni? Dereva aliyetoka kreta ya Ngorongoro mara nyingi ana jibu bila kujua. Kule chini dereva mwenye adabu hapigi muziki. Kama aliteremka kwa barabara ya Seneto redio ikiwa imewashwa bila sauti, na saa kadhaa baadaye akapanda kwa ile ya Lerai akakuta amplifaya ni ya moto vilevile, mashaka yanahama kutoka kwenye spika kwenda kwenye bodi ya amplifaya yenyewe. Fundi makini atahakikisha: atachomoa nyaya za spika na za sauti kutoka kwenye redio, aache za umeme na ule wa kuiwashia tu, kisha asubiri. Ikipata moto hivyohivyo, ndipo afungue skrubu za kasha.

Halafu mtazame anavyoshika mita. Wapo wanaopima betri gari likiwa limezimwa, wakaona volti 12.6 na kuridhika. Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu kilio cha besi. Anayejua kazi hupima kwenye amplifaya yenyewe, injini ikiunguruma na muziki ukipigwa. Betri ikionyesha 14 na amplifaya 12, volti 2 zinapotea njiani, na zipo amplifaya ambazo zikipunguziwa volti huvuta ampea zaidi ili zitoe nguvu ileile. Hapo ataanza na ethi. Rasta za barabara ya kwenda Serengeti hulegeza bolti yoyote, na ethi nyingi zimefungwa juu ya rangi badala ya chuma kilichokwanguliwa. Kisha atakwangua waya kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na mara nyingi unene wake ni wa plastiki.

Lakini panapowatenganisha mafundi hasa ni kwenye ukinzani wa spika, ule unaopimwa kwa omu. Spika mbili za omu 4 zikifungwa sambamba, amplifaya inaona omu 2. Kama imeunganishwa chaneli mbili kuwa moja, kila upande unabeba kana kwamba ni omu 1, na amplifaya nyingi za bei ya kawaida haziwezi mzigo huo. Gari lililokuja na mfumo wa kifahari kutoka kiwandani ni mtego zaidi, kwa kuwa spika za mifumo hiyo, Bose kwa mfano, mara nyingi zina omu 2 au pungufu. Amplifaya ya kiwandani ikifa, mtu akapachika ya dukani iliyotengenezwa kwa omu 4, muziki utalia vizuri sana mpaka kijiji cha Rhotia, kisha kimya. Feni kumi hazitaponya hilo. Fundi bora hupima kila spika ikiwa imechomolewa, na hashtuki spika ya omu 4 ikisoma 3 na ushee; mita hupima hivyo.

Vumbi lisidharauliwe. Lile jekundu la Karatu hujaa kati ya mapezi ya amplifaya, hasa iliyofichwa chini ya kiti na kufunikwa mabegi. Brashi na nafasi ya hewa hutosha. Atakayekuambia kwamba ukingo wa kreta una baridi kiasi kwamba amplifaya haiwezi kuchemka, mwache. Kwenye mita 2,300 hewa ni nyepesi na hubeba joto kidogo kuliko ya pwani, hivyo baridi hiyo haisaidii kama anavyodhani.

Mimi humkimbia fundi anayeweka fyuzi kubwa zaidi pale ndogo inapoungua, na anayeziba fyuzi kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara simpi hata salamu. Fyuzi inaungua ili waya usiungue. Fyuzi ya waya mkuu nayo inakaa karibu na betri. Ikiwekwa kule kwenye buti, waya wote unaopita katikati hauna mlinzi.

Lipa kwa furaha ada ya kutafuta tatizo, hata kama dawa ilikuwa bolti moja. Ila kabla ya kulipa, mwombe mwende pamoja hadi Mto wa Mbu na kurudi, muziki ukiwa kiwango unachousikiliza siku zote, mabegi yakiwa mahali pake. Mkirudi na kufika juu ya mlima wa Mto wa Mbu, apime tena volti palepale alipopima mwanzo.