Dalili si Ubovu: Istilahi za Kupima Magari kwa Kompyuta

Tangu mwaka 1996 magari madogo mapya yanayouzwa Marekani yamelazimika kuwa na mfumo wa kujipima wa namna moja. Taa ya injini inapowaka, kompyuta ya gari huwa imekwisha kuhifadhi namba, kama vile P0171, ambayo fundi huisoma kwa mashine. Magari mengi yaliyotumika yanayoteremshwa Dar es Salaam na Mombasa yana mfumo wa jinsi hiyo, na orodha za namba hizo zimeanza kufasiriwa kwa Kiswahili. Tafsiri tulizopata kuziona zinatutia mashaka.

Kubwa ni kuziita "namba za ubovu". P0171 haitaji kitu kilichoharibika. Husema tu kwamba, kwa vipimo vya kompyuta, mchanganyiko unaochomwa katika injini una hewa nyingi mno kwa mafuta yaliyomo. Mfasiri mmoja ameandika "mafuta machache". Fundi akisoma hivyo atabadili pampu ya mafuta, na mwenye gari atalipa, ilhali huenda ni mpira wa hewa uliopasuka kati ya kipimahewa na injini, hewa ikawa inapenya bila kuhesabiwa. Kwa maoni yetu "namba ya dalili" ingefaa zaidi. Homa ni dalili, wala hatujamsikia tabibu aliyebadili kipimajoto ili kumponya mgonjwa. Lakini vihisio vizima hung'olewa kila siku kwa kuwa tu vimetoa habari mbaya.

Mfasiri huyo huyo ameandika "Benki ya 1". Tulicheka, kisha tukasikitika. Kinachokusudiwa ni upande wa injini wenye silinda ya kwanza, na "safu ya 1" yatosha.

Kuhusu "sensa", twakiri kwamba gereji zimekwisha kulipitisha neno hilo. Hata hivyo mtumishi wa serikali aliyehesabu watu mwaka 2022 atakuwa na haki ya kushangaa akiambiwa sensa imeungua. Katika maandishi, "kihisio" kibaki.

Programu nazo zina shida yake. Mwaka 2014 Toyota ilitangaza kuyarudisha magari ya Prius yapatayo milioni 1.9 duniani, kwa kuwa mpangilio wa programu uliweza kuzipasha moto transista kupita kiasi. Je, programu ile "iliharibika"? La. Ilitenda kama ilivyoandikwa. Huharibika kitu kilichokuwa kizima; kasoro huweza kuzaliwa pamoja na kitu, na hilo ndilo neno la programu.

Basi "hitilafu" liende wapi? Asili yake ni tofauti na kutopatana. Magari ya leo yana kompyuta nyingi zinazopelekeana habari kwa waya, na namba zinazoanza kwa U huonyesha kwamba mawasiliano hayo yamevurugika, pengine kila kompyuta ikiwa nzima. Hapo ndipo tungependa mafundi wasome neno hitilafu.