Mwenye Macho Haambiwi Tazama

Turudi ulimwengu wa Svartalfheim, saa za mwanzo za gemu ya God of War Ragnarök. Kratos na mwanawe Atreus wako kwenye mashua, Mimir, kichwa kinachozungumza, ananing'inia kiunoni mwa Kratos, na njia ya kwenda Nidavellir imezibwa. Mbele yako kuna gurudumu la maji, mfereji, na mkondo unaoruka kwa nguvu. Unajua kwamba Leviathan, shoka la Kratos, hugandisha. Unazungusha kamera uone maji yanatoka wapi na yanaishia wapi. Kamera haijamaliza mzunguko wake, Atreus ameshakwambia ugandishe maji. Ukisita kidogo, Mimir anakazia. Fumbo limekwisha, na mchango wako wote ni kubonyeza vitufe vya L2 na R2.

Hapo ndipo waundaji wake, Santa Monica Studio, walipokosea, na hakuna sifa nyingine ya gemu hii inayofuta kosa hilo. Wala si hitilafu ya programu. Kuna mtu aliyeketi akaandika sentensi ile, mwigizaji akaisoma studioni, na mwingine akapanga itoke baada ya sekunde ngapi. Walichagua sekunde chache mno.

Fumbo la gemu lina hatua nne: unaona, unakisia, unajaribu, unalipwa. Raha yote imo kwenye kukisia, pale unaposimama mbele ya vyuma na maji bila kujua, na akili inaanza kuviunganisha. Hatua nyingine tatu ni kazi ya macho na vidole. Atreus anaruka kwenye hatua hiyohiyo ya pili na kuichukua. Anayebaki na pedi mkononi anatekeleza agizo, na lango likifunguka hana cha kujivunia.

Kuna tofauti kubwa kati ya kuelekeza jicho na kutoa jibu. Atreus angeuliza tu maji yale yanakwenda wapi, ningemshukuru: angekuwa mwenzangu anayetazama ninachotazama. Akitaja shoka na mahali pa kulirusha, amegeuka mwalimu anayemshika mwanafunzi mkono na kumwandikia mtihani.

Na haikuwa mara moja. Alfheim ina mawe yanayodundisha shoka, na raha yake ni kupiga hesabu ya pembe. Vanaheim inakupa mishale ya sigili, ile inayoacha miduara unayoweza kuiunganisha kisha ukaiwasha moto kwa Blades of Chaos, mapanga ya moto ya Kratos. Haya ni mafumbo yaliyojengwa kwa ustadi, pengine bora kuliko yale ya gemu iliyotangulia, God of War ya 2018. Lakini kila moja limewekewa msimamizi pembeni, na msimamizi hana subira.

Wasomaji wa ukurasa huu wanajua ugomvi wangu wa zamani na kamera ya begani, na leo naurudia kwa sababu mzizi wa tatizo uko hapo. Katika God of War ya 2005, iliyoongozwa na David Jaffe, na ya pili ya 2007 chini ya Cory Barlog, kamera haikuwa mikononi mwa mchezaji. Iliwekwa na mbunifu. Ukiingia chumbani, ilikaa pembeni au juu, ikakuonyesha mkono wa mashine, sanduku la kusukuma na lango, vyote kwa pamoja. Kamera ile ilikuwa kidokezo kisichosema neno. Ilikuonyesha vitu vyote muhimu, ikanyamaza, ukabaki na kazi ya kuvipanga.

Mwaka 2018 Barlog huyohuyo aliishusha kamera hadi begani kwa Kratos, akaigeuza picha moja isiyokatwa tangu mwanzo hadi mwisho. Ilivutia, sikatai. Ila kwa uamuzi ule mbunifu alipoteza kidole chake cha kuonyeshea. Vitani, maadui wakawa nyuma ya mgongo usikoona, ikabidi viletwe vishale vya rangi kumzunguka Kratos, na wenzake wapige kelele kwamba kuna hatari nyuma. Kelele zile zina haki yake: nusu sekunde ni uhai. Kosa la Eric Williams, mwongozaji wa Ragnarök, na timu yake mwaka 2022 ni kuiachia sauti ya vitani iingie chumba cha mafumbo, mahali ambapo hakuna anayekufa kwa kufikiri dakika tatu.

Najua utetezi wao. Wachezaji wa majaribio hukwama, na anayekwama huzima gemu asirudi. Hoja hiyo ni ya kweli, na wako wanaohitaji msaada. Lakini gemu hii ilitoka Novemba 2022 ikijivunia zaidi ya njia 60 za kurekebisha uchezaji kwa ajili ya watu wa mahitaji mbalimbali: ukubwa wa maandishi, rangi, sauti, vitufe. Kazi ya kuheshimiwa. Katika orodha yote hiyo hapakuwa na swichi moja ya kumwambia Atreus asubiri. Kitufe kimoja cha kuomba kidokezo kingetosha: anayekwama angebonyeza, na anayetaka kufikiri angeachwa.

Waliotangulia walijua kusubiri. Katika Shadow of the Colossus, pia ya 2005, una upanga unaokusanya mwanga wa jua kukuelekeza, na farasi. Sauti ya Dormin, anayekuongoza, inakuja ukishahangaika muda, na hata ikija, inazungumza kwa fumbo. Majitu 16, na kila moja unaliangusha kwa akili yako. Ndani ya hekalu la Pandora, katika God of War ya kwanza, Kratos anasukuma kizimba chenye askari aliye hai hadi mahali pa kumtoa kafara kwa moto. Askari yule anasema njia nzima, lakini anachosema ni kuomba asiuawe. Hamwambii Kratos asukume upande gani. Unabaki peke yako na ukatili ule, kwa sababu mpango wa kuutenda umeutunga wewe. Miaka imepita na bado naukumbuka. Lile gurudumu la Svartalfheim nimelikumbuka kwa hasira tu.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya gemu tunalijua jambo hili bila kufundishwa. Ulilipia muda wako, ukashika pedi, na nyuma yako walisimama watazamaji kumi. Sheria ilikuwa moja: asiyeshika pedi hasemi mpaka aulizwe. Aliyeropoka jibu alitolewa nje, kwa kuwa alikuwa anakula muda ambao mwingine ameulipia.

Mengine ni mazuri. Mkuki wa Draupnir ndiyo silaha bora ya mfululizo huu baada ya Leviathan, pambano la kwanza na Thor ni somo la jinsi ya kufungua gemu, na mabosi hapa ni wengi na tofauti, si yale matroli ya 2018 yaliyorudiwa hadi kuchosha. Mapungufu mengine nayo yapo. Namba za mavazi na levo za maadui bado zinamfanya Kratos aonekane karani wa ghala. Enzi za PS2 ulikusanya mipira myekundu, ukaongeza nguvu ya silaha, ukasonga. Sura ya Ironwood inakwenda polepole kama ng'ombe yule unayempanda ndani yake. Lakini hayo yanavumilika.

Kinachouma zaidi ni kwamba hadithi yenyewe inasema kinyume cha mafumbo yake. Kwa makumi ya saa Kratos anajifunza kumwamini mwanawe, kunyamaza, kumwacha akosee, na mwishoni kumwacha aende zake. Baba aliyekuwa mkali kuliko wote anafika mahali pa kumwachia mtoto aamue. Waandishi walilielewa somo hilo, ila waliopanga vidokezo hawakumwamini mchezaji hata kwa gurudumu la maji.

Studio yenyewe imekubali. Toleo la kompyuta lilipotoka Septemba 2024, lilikuja na mpangilio wa kupunguza vidokezo vya mafumbo. Swichi iliyokosekana mwaka 2022 iliwezekana kumbe, na ilikuwa rahisi. Hata kabla ya hapo, Valhalla, nyongeza ya bure ya Desemba 2023, ilionyesha Kratos anavyopendeza anapoachwa apigane chumba kwa chumba, na mazungumzo yakisubiri zamu yake.

Hukumu yangu ni hii: Ragnarök ni gemu kubwa ya mapigano na gemu dhaifu ya mafumbo, na udhaifu huo umetokana na sekunde chache ambazo hawakutaka kusubiri. Wewe unayeianza leo kwenye kompyuta, kabla hujachagua ugumu wa mapigano, fungua mipangilio upunguze vidokezo. Kisha ukifika kwenye gurudumu la Svartalfheim, simama, zungusha kamera polepole, na ulitatue mwenyewe.